Jasho la Mgonjwa: Historia ya Kuhanya Gusii, Kutoka Amasangia Hadi Vichekesho vya Simu

Wasee, kuna fomula moja ya vichekesho ambayo haizeeki. Mume anaaga nyumbani, anasema leo ana kazi ya usiku. Saa tatu baadaye yuko kwa nyumba ya mtu mwingine, mlango unagongwa, na mtu anaingia chini ya kitanda na kiatu kimoja. Mwenye nyumba anauliza kile kiatu kingine ni cha nani. Jamaa anaanza kujibu maswali ambayo hata hajaulizwa. Umeiona hiyo kwa filamu za Nairobi, umeiona kwa klipu za Ekegusii zinazozunguka WhatsApp kutoka Keroka mpaka Ogembo, na babu yako akiwa kijana Wamarekani walikuwa tayari wanaiuza sinemani. Tunacheka kwa sababu tunajua kitu kimoja: hakuna mtu atakufa.

Sasa shikilia hapo. Kwa Wagusii, yaani watu wa Kisii na Nyamira, hiyo stori ilikuwa na kifo ndani. Mtu alikuwa anakufa kweli, au angalau kila mtu kijijini aliamini atakufa. Leo nataka tuangalie vile hadithi ya kuogopesha iligeuka kuwa hadithi ya kuchekesha. Na njiani tuulize swali moja ambalo watu hulikwepa: hofu ilipoisha na kicheko kikaingia, ni nani alibaki akilipa bili?

Maoni yangu nayasema mapema ndio usingoje mpaka mwisho. Bili haijahama. Zamani ilikuwa ya mwanamke, na leo bado ni yake. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi tunailipisha huku tukicheka.

Amasangia ni nini?

Kama wewe si wa Gusii, hili neno hujawahi kuliskia. Kama ni wa Gusii, uliliskia kwa sauti ya chini, pengine wazee wakiongea na wewe unajifanya umelala.

Amasangia linatokana na wazo la kushiriki, watu wawili kutumia kitu kimoja. Hapa kitu chenyewe ni kitanda cha ndoa. Imani iko hivi. Mke aliyeolewa kwa ng'ombe akilala na mwanamume mwingine, anaingiza hatari ndani ya nyumba. Hiyo hatari hainyeshi siku hiyo hiyo. Inangoja. Mume akiwa mzima, wataishi tu, watakula, watalima. Lakini siku mume akiugua sana au akiumia na damu itoke, na huyo mke aingie pale amelala, mgonjwa anaanza kutoka jasho. Jasho jingi, la ghafla. Halafu anakufa.

Hebu fikiria hiyo picha vizuri. Jamaa ameanguka kutoka kwa mti, ako kitandani, jamaa zake wamejaa chumbani. Mke anakuja na uji. Kila mtu anaacha kuongea. Macho yote mawili mawili: jicho moja kwa mlango, lingine kwa paji la uso la mgonjwa. Akiingia, watu wanahesabu matone. Asipoingia, amejishtaki mwenyewe. Hakuna mwandishi wa filamu Nairobi amewahi kuandika tukio lenye presha kama hilo.

Na si kitanda cha mgonjwa pekee. Mke akipata shida wakati wa kujifungua, wakunga walikuwa wanamuuliza ataje wanaume aliotembea nao, kwa sababu iliaminika mtoto hatoki mpaka siri itoke kwanza. Pia wanaume wawili walioshiriki mwanamke mmoja walitakiwa kukaa mbali: mmoja akiwa mgonjwa, mwingine asikanyage pale. Ndio maana kukosa kumtembelea jirani aliyelazwa kungeweza kuanzisha minong'ono mtaa mzima. Mtu unasema tu ulikuwa bize na shamba, watu wanasema "ehe."

Kulikuwa na njia ya kutoka. Ungekiri, na kungefanywa tambiko la kuwasafisha wanandoa. Kwa hivyo lengo halikuwa kuua watu. Lengo lilikuwa kuwafanya wakiri. Ilikuwa kamera ya siri, miaka mingi kabla kamera za siri hazijaletwa Kenya, na ilikuwa imefungwa ndani ya kichwa cha mwanamke.

Angalia sasa kamera imeelekezwa wapi. Mume akihanya na msichana ambaye hajaolewa, hakuna mtu anatoka jasho. Mume akitaka mwingine, anaoa wa pili, na ni sherehe. Akienda kwa mke wa mwenyewe, anayekaa kwa hatari ni yule mwenye mke, na anayeibeba hiyo hatari nyumbani ni mke. Yeye jamaa mwenyewe amri yake ilikuwa moja: usiende kumwona mgonjwa. Hiyo ndio adhabu yote. Kukaa nyumbani.

Ng'ombe ndio baba

Ili uelewe kwa nini ilikuwa hivyo, lazima uelewe ndoa ya Kigusii ilijengwa juu ya nini. Jibu ni ng'ombe.

Mahari ikishalipwa, mwanamke ni wa ile boma. Baadaye ilikuja enyangi, ile sherehe kubwa ya ndoa, ambapo bibi arusi alivishwa ebitinge, pete za chuma miguuni. Hizo pete hazikuwa urembo wa kuvaa Jumapili na kuvua Jumatatu. Zilikaa mguuni kama sehemu ya mwili. Ukimwona mama anatembea na zinalia, unajua huyo ameolewa ndoa kamili.

Na watoto? Watoto walifuata ng'ombe. Baba wa mtoto kisheria ni yule ambaye ng'ombe zake zilimleta mama nyumbani, hata kama kila mtu kijijini anaona mtoto ana masikio ya jirani. Hii ilienda mbali sana. Mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume angeweza kulipa mahari na kuoa mwanamke mwenzake, ili huyo azae watoto kwa niaba ya nyumba yake. Mwanamume aliyezaa hao watoto hakuwa baba yao. Watoto walikuwa wa ile nyumba.

Kwa hivyo ile klipu ya siku hizi, ambapo jamaa anafungua bahasha ya DNA halafu muziki wa huzuni unaanza, kwa mzee wa Kigusii wa 1900 haingekuwa na maana. Angekuuliza tu, "Ng'ombe zilikuwa za nani?" Halafu angeendelea kunywa pombe yake kwa mrija.

Hapo utaona kitu muhimu. Hofu ya amasangia haikuwa juu ya mtoto ni wa nani. Ilikuwa juu ya mwili wa mume na usalama wa boma. Mke ndiye alikuwa mlinzi wa uhai wa mume wake, bila kuulizwa kama anaitaka hiyo kazi.

Nani aliruhusiwa kucheka?

Usidhani Wagusii walikuwa watu wa kununa. Utani wa mambo ya kitandani ulikuwepo, na ulikuwa mchafu kabisa. Lakini ulikuwa na viti maalum.

Kulikuwa na chinsoni, sheria za haya na heshima. Baba na mtoto wake wa kiume hawaongei mambo ya mapenzi, hata kwa mafumbo. Mkwe na mkwe, hivyo hivyo, na zaidi. Hata kuingia kwa nyumba ya mtoto wako aliyeoa kulikuwa na mipaka. Haya ilikuwa ukuta, na kila mtu alijua ukuta uko wapi.

Upande mwingine wa ukuta ndio kulikuwa na sherehe. Vijana wa rika moja, waliotahiriwa pamoja, walikuwa huru kutaniana matusi ambayo leo yangefanya akaunti yako ifungwe. Mtafiti mmoja, Philip Mayer, aliandika makala nzima mwaka 1951 kuhusu utani wa marafiki wa rika moja Gusii. Hebu waza: mtu alisafiri akaja kuandika kisomi vile mabeshte wanavyotukanana. Kwao, kumtania rafiki yako vikali ilikuwa njia ya kuonyesha kwamba kati yenu hakuna ukuta.

Na kulikuwa na babu na bibi. Magokoro, yaani nyanya yako, alikuwa na ruhusa ya kukuita mume wake, kukuuliza kama una nguvu za kuoa, na kukucheka mbele ya watu. Hiyo ndio ilikuwa shule ya mambo ambayo baba hakuweza kukuambia.

Kwa hivyo swali la zamani halikuwa "hii ni ya kuchekesha ama siyo?" Swali lilikuwa "unacheka na nani?" Weka hilo akilini, kwa sababu televisheni ikiingia itaharibu kila kitu.

Mwaka 1955, pande mbili za dunia

Hapa kuna kitu nimekipenda sana kwa hii historia.

Mwaka 1955 Marekani ilitoa filamu inaitwa The Seven Year Itch, ya Billy Wilder. Hata kama hujaiona, picha yake umeiona: Marilyn Monroe na gauni jeupe linapeperushwa na upepo kutoka chini ya barabara. Stori ni rahisi. Ni kiangazi New York, joto ni kali. Mke na mtoto wanaenda mapumziko, mume anabaki mjini na kazi. Juu ya nyumba yake anahamia mrembo. Filamu yote ni huyo jamaa akipigana na kichwa chake. Anajiona mtanashati. Halafu anaanza kuogopa. Anawaza mke wake naye anahanya huko aliko. Anawaza mke akija na bastola. Anatoka jasho, na hajafanya lolote.

Na hatafanya. Kwa mchezo wa jukwaani ambao filamu ilitokana nao, jamaa alikuwa analala na jirani. Lakini Hollywood wakati huo ilikuwa na kanuni zake za maadili, na uzinzi haukuruhusiwa kufanywa mzaha. Kwa hivyo kwa filamu anabaki na mawazo tu. Umeskia hiyo? Wamarekani nao walikuwa na chinsoni yao. Iliandikwa tu kwa karatasi na ikawa na ofisi.

Mwaka huo huo, 1955, Wamarekani wengine wawili, Robert na Barbara LeVine, walifika Gusii kuishi na kufanya utafiti kwa jamii ambayo kitabuni waliipa jina la kubuni, Nyansongo. Walikaa mpaka 1957. Kati ya mambo waliyoyakuta yakiwa hai kabisa ni hofu ya amasangia.

Sasa linganisha. New York: mke anasafiri, mume anabaki na majaribu, na hadithi ni ya mume. Gusii: mume ndiye anasafiri. Wanaume walikuwa wanaenda kutafuta pesa kwa mashamba ya chai Kericho, Nairobi, na miji mingine, na mke anabaki na watoto, shamba na wazazi wa mume. Miezi inapita. Majaribu yako pande zote mbili. Lakini hofu inabaki nyumbani na mke. Jamaa wa Kericho angeweza kuwa na mtu huko, na jasho halimfuati. Mke akionekana tu anaongea sana na mwenye duka, kijiji kinaanza kungoja mume augue.

Filamu ile ilimpa mume dakika zaidi ya mia moja za kuonyesha mawazo yake. Mke wa Gusii wa 1955 naye alikuwa na mawazo, na upweke, na pengine vichekesho vyake. Hakuna aliyeleta kamera.

Barabara, kanisa na sheria

Mambo mengi yaligonga huu mfumo kwa wakati mmoja.

La kwanza ni serikali. Mji wa Kisii ulianzishwa na Waingereza mwaka 1907. Mwaka uliofuata, Otenyo alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote, akichochewa na Moraa, mama nabii ambaye hakutaka wageni kabisa. Northcote alipona na Gusii ikapigwa vibaya. Baada ya hapo kodi ikawa lazima, na kodi ndio iliwatoa wanaume nyumbani kwenda kutafuta kazi.

La pili ni kanisa. Wakatoliki wakaja Nyabururu, Wasabato wakaja Nyanchwa, wote kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kanisa lilisema mke ni mmoja, na enyangi pamoja na pete zake za chuma ni mambo ya giza. Polepole ebitinge zikatoka miguuni. Lakini kitu kimoja kilibaki. Watu walivua pete, hawakuvua hofu. Mtu anaimba kwaya Jumamosi, na hospitalini bado anaangalia nani anaingia wodi.

La tatu ni ardhi. Gusii ni milima mizuri, mvua nyingi, chai, ndizi, na watu wengi sana kwa kila ekari. Kuoa wake watano kulitaka mashamba matano. Shamba likigawanywa mpaka likatoshana na uwanja wa mpira wa shule, mke wa pili anakuwa ndoto. Ukichanganya kanisa na ukosefu wa shamba, ndoa za wake wengi zikapungua. Lakini tamaa haikupungua. Kilichokuwa sherehe ya mchana kikaanza kuwa siri ya usiku. Mke wa pili akageuka mpango wa kando.

Na sheria ya mkoloni? Usidhani ilikuja kumwokoa mwanamke. Sheria ya kuvunja ndoa iliyorithiwa kutoka enzi za Waingereza ilimpa mume haki ya kudai fidia kutoka kwa mwanamume aliyelala na mke wake. Soma tena hapo: mume. Mke hakupewa haki kama hiyo dhidi ya mwanamke aliyelala na mume wake. Hiyo sheria ilikaa vitabuni mpaka Sheria ya Ndoa ya 2014 ilipoiondoa. Kwa hivyo Mwingereza aliyecheka amasangia kuwa ushirikina alikuja na amasangia yake mwenyewe. Tofauti ni kwamba yake ilipimwa kwa shilingi.

Televisheni yavunja ukuta

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962. Ilichukua muda kufika ushago, lakini ilipofika ilikaa mahali pabaya zaidi kwa chinsoni: sebuleni, katikati ya familia nzima.

Wazazi wetu walikua na Vitimbi. Mzee Ojwang na Mama Kayai walikuwa mume na mke kwa skrini, na waliigiza vizuri mpaka Wakenya wengi wakaamini ni wanandoa kweli. Hawakuwa. Benson Wanjau na Mary Khavere walikuwa waigizaji tu wakifanya kazi yao. Ojwang alipofariki Julai 2015, watu waliomboleza kama wamefiwa na mzee wa nyumbani. Ugomvi wa ndoa, mume mjanja mwenye akili fupi, mke asiyedanganyika: hiyo ndio ilikuwa komedi yetu, na ilikuwa safi kiasi cha kuangaliwa na kila mtu.

Halafu utani ukaanza kukolea. Na ukuta ukaanza kupasuka. Baba, mtoto wake na mkwe wako kwa kochi moja, na kwa skrini kuna mtu anajificha kabatini bila shati. Zamani hawa watatu hawangesikia hata fumbo pamoja. Sasa kila mmoja ana njia yake ya kutoroka: mmoja anakumbuka ng'ombe hajafungwa, mwingine anapiga simu isiyo na mtu, wa tatu anakohoa mpaka tangazo liingie. Kila familia Gusii ina mtaalamu wa kukohoa.

Mwaka wa kuangalia sana ni 2013. Machi mwaka huo, tangazo la kondomu liliondolewa televisheni baada ya viongozi wa dini kulalamika. Kwa lile tangazo, mwanamke aliyeolewa na ambaye ana mwanamume wa pembeni anashauriwa na rafiki yake atumie kinga. Viongozi walisema linahimiza uzinzi. Waliolitengeneza walisema hawahimizi kitu, wanaokoa maisha tu, kwa sababu hayo mambo yanafanyika tayari.

Mwaka huo huo filamu ya House of Lungula, ya Alexandros Konstantaras, ikaingia. Komedi ya mapenzi, ndoa na siri za kitandani Nairobi. Hata jina lake ni sheng ambayo hungeitamka mbele ya mamako. Gerald Langiri, Sarah Hassan, Ian Mbugua, wote walikuwa ndani. Watu walilipa, wakakaa gizani, wakacheka na watu wasiowajua.

Sisemi kwamba tangazo na filamu ni kitu kimoja. Tangazo linaingia sebuleni bila kubisha, filamu unaifuata mwenyewe. Lakini angalia kile kilichoshtua nchi: mama wa kawaida, sokoni, anasema kwa sauti ya kawaida kwamba ana mtu. Hakulia. Hakuadhibiwa. Hakuna mume aliyetoka jasho. Kuhanya kwa mwanaume tumekufanya mzaha miaka na miaka bila kuitisha mkutano wa waandishi wa habari.

Mwaka uliofuata bunge likaongeza lake. Likipitisha Mswada wa Ndoa Machi 2014, wabunge wanaume waliondoa kipengele ambacho kingempa mke wa kwanza sauti kabla mume wake wa ndoa ya kitamaduni hajaongeza mwingine. Wabunge wanawake walitoka nje kwa hasira. Aprili ikatiwa saini. Hiyo haikuwa komedi, ingawa siku hiyo kuna watu walicheka bungeni.

Mdudu asiye na upande

Kuna kitu kimoja kilichopaswa kumaliza huu mjadala kabisa, na ni Ukimwi.

Kisa cha kwanza Kenya kilitambuliwa 1984. Mwaka 1999 Rais Moi akautangaza janga la kitaifa. Amasangia ilisema kuhanya kwa mke kunamuua mume. Virusi vikasema kuhanya kwa yeyote kunaweza kumuua yeyote. Mke aliyekaa nyumbani Nyamira, hajawahi kutoka, akaambukizwa na mume aliyerudi Krismasi na zawadi. Kwa mara ya kwanza hatari ilikuwa inasafiri kwa njia zote mbili, na daktari angeweza kuionyesha kwa kipimo.

Ungedhani hapo hadithi ingebadilika. Haikubadilika. Mume akiugua, maswali ya kwanza bado yalielekezwa kwa mke.

Klipu yenyewe sasa

Leo komedi imehamia mkononi. Vijana wa Kisii na Nyamira wanarekodi kwa simu kando ya majani chai, Ekegusii safi, na wanachekesha kuliko stesheni zenye bajeti. Nawaheshimu sana. Lakini fanya jaribio moja leo usiku. Angalia klipu kumi za kuhanya na uandike mwisho wake.

Mume akishikwa: anakimbia bila viatu, anapigwa na mwiko, anaomba msamaha, analala kwa kochi, kesho yuko mezani. Mke akishikwa: nguo zinatupwa nje, mama mkwe anapiga nduru, na anaenda na begi.

Tukicheka hiyo begi, tukumbuke kitu. Mtafiti Thomas Håkansson alifanya kazi Gusii miaka ya 1980 na kitabu chake kilitoka 1988. Alikuta watu wengi zaidi wanaanza kuishi pamoja bila mahari kulipwa. Bila mahari, mwanamke hakuwa na mguu wa kusimama: shamba si lake, ndoa haitambuliki kikamilifu, na akifukuzwa anarudi kwao ambako kaka zake pia hawana pa kumweka. Kwake, neno moja tu, "umehanya," lilikuwa linaweza kumaliza nyumba yote, liwe kweli au uongo. Njoo leo uangalie marafiki zako wa kama-tunaishi-tu. Wangapi wamelipa hata mbuzi? Hiyo begi kwa klipu ni kifaa cha kuchekesha. Kwa mtaa ni ya mtu.

Na imani yenyewe haijaisha. Bado kuna mke anazuiliwa na mashemeji asiingie wodi kumwona mume wake, na wanaomzuia hawana ushahidi wowote zaidi ya uvumi. Bado mama aliye kwenye uchungu mgumu anaweza kupotezewa muda akiulizwa majina, wakati anahitaji daktari. Hapo mimi siwezi kuheshimu utamaduni kimya kimya. Mtoto aliyekwama hangoji ungamo la mtu.

Kwa hivyo tufanye?

Sisemi tuache kucheka. Kinyume kabisa. Mababu zetu walitaniana matusi ya rika na bado waliheshimiana. Kicheko ni chetu, hakikuletwa na televisheni. Ninachotaka ni kicheko kihamishe kamera.

Wewe unayerekodi klipu Nyansiongo, Suneka au Kebirigo, chukua hii bure. Wodi ya wanaume. Mgonjwa ameanguka na pikipiki. Mashemeji wamesimama mlangoni kumzuia mke. Mke anasema sawa, nitangoja hapa nje. Wanaingia marafiki, wanaingia watu wa chama, anaingia mwenye baa. Jasho hakuna. Halafu nesi anatangaza kuna mgeni mwingine kutoka Kericho, amekuja na mtoto wa miaka minne anayefanana na mgonjwa mpaka kwa kidevu.

Mwambie mwigizaji wako aanze kutoka jasho hapo. Kamera ibaki kwa uso wa mke, usikate mapema, na begi mpe yeye nafasi ya kuamua ni ya nani. Ukiirekodi, nitumie. Nitaiangalia na mashemeji zangu wote kwa kochi moja, tuone nani atakohoa kwanza.